Jinsi Maua ya Nchi za Joto Yanavyovushwa Baridi ya Ulaya

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu tukitazama picha za bustani za Ulaya hudhani kwamba maua yale yote ni wenyeji wa huko. Sivyo hata kidogo. Dalia asili yake ni Mexico. Pelagoniamu, ua lile jekundu linalopamba madirisha ya Uswisi na Ujerumani, lilitoka Afrika Kusini. Sentipolia, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linalokaa katika vyungu ndani ya nyumba za watu huko, lilitoka katika misitu yetu ya Usambara, mkoani Tanga. Hao wote ni wageni wasiojua theluji, na kila mwaka theluji huwafikia. Katika makala hii nataka kueleza jinsi watunza bustani wa nchi zile wanavyowavusha wageni hao salama mpaka joto lirudi. Nimelichagua jambo hili kwa sababu siri yake kubwa imo katika kiangazi, nacho kiangazi sisi tunakijua vizuri kuliko wao.

Kwanza tuelewane juu ya baridi yenyewe. Kipupwe chetu ni cha Juni hadi Agosti, nacho huishia kwenye sweta na uji wa moto. Kipupwe cha kwao huanza Desemba hadi Februari, na pamoja na baridi huja giza. Mjini London mwishoni mwa Desemba mchana hauzidi saa nane, ilhali mwezi wa Juni mchana unazidi saa kumi na sita. Mmea basi hupata hasara mbili kwa pamoja: hauna joto, na hauna mwanga wa kujipikia chakula. Msomaji akumbuke hasara hii ya pili, maana ndiyo inayosahauliwa.

Wenzetu wanaotoka Makete na Njombe hawahitaji kufundishwa maana ya jalidi. Ni umande ulioganda ukawa barafu nyeupe juu ya majani. Huja usiku usio na mawingu wala upepo, kwa kuwa ardhi hupoteza joto lake kwenda juu bila blanketi la kulizuia. Na kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, huteremka na kujikusanya mabondeni. Ndiyo sababu shamba la viazi la bondeni laweza kuungua usiku mmoja na lile la mlimani likasalimika. Asubuhi majani huwa kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Nilitaka kuona jambo hili kwa macho yangu, nikamwomba mwalimu wetu wa Biolojia nafasi katika friza ya maabara. Niliweka vitu viwili usiku kucha: tawi la impatiensi, ule mmea laini wa maua ya waridi unaopandwa vivulini katika bustani nyingi hapa nchini, na maharage makavu kumi. Kesho yake nilivitoa. Lile tawi lilipoyeyuka lililegea mkononi, likawa jeusi na lenye majimaji, mfano wa mchicha uliochemshwa kupita kiasi. Maharage niliyapanda katika kopo, manane yakaota. Baridi ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni maji.

Maelezo yake ni haya. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kadiri ya asilimia 9. Kila aliyewahi kusahau chupa ya soda ndani ya friza anajua matokeo. Katika jani, barafu huanza kuganda katika nafasi zilizo kati ya seli, kisha huvuta maji kutoka ndani ya seli zenyewe. Seli hukauka na kusinyaa, ngozi zake nyembamba hupasuka, na barafu ikiyeyuka kila kitu humwagika. Mtofaa wa Ulaya hukwepa jambo hili kwa kujiandaa mapema: siku zinapopungua hudondosha majani, huongeza sukari katika seli zake ili maji yasigande upesi, na kulala. Mmea wa nchi za joto haukufundishwa kuyasoma majira hayo. Unaendelea kuchanua mpaka usiku ule mmoja.

Lakini si kweli kwamba mimea yetu yote haijui kulala. Tazama Kitulo, ile hifadhi ya taifa ya Nyanda za Juu Kusini ambayo watu wameipa jina la Bustani ya Mungu. Iko juu ya mita 2,600. Mwezi wa Julai mgeni atakuta nyasi kavu na jalidi, na pengine atawacheka waliomsifia mahali pale. Arudi mvua zikishakolea, baada ya Desemba, atakuta okidi za kila rangi. Okidi hizo hazikwenda popote. Zilikuwa chini ya ardhi, katika viazi vyake, zimeacha majani yafe juu. (Viazi hivyo ndivyo vinavyochimbwa kwa magendo kwa ajili ya kutengeneza chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, kwa hiyo baridi si adui wao mkubwa.) Vivyo hivyo gloriosa, ua la moto linalopanda vichakani katika sehemu nyingi za nchi yetu: kiangazi kikikolea hunyauka lote, na kiazi chake hungoja mvua.

Hapa ndipo ilipo siri niliyoitaja. Mtunza bustani wa Ulaya hamfundishi mgeni wake kuvumilia barafu, hilo haliwezekani. Humdanganya kwamba kiangazi kimefika. Humnyima maji, akalala kwa desturi ya kwao, kisha humficha mahali pasipoganda. Kipupwe cha Ulaya hugeuzwa kiangazi cha Afrika au cha Mexico ndani ya sanduku.

Mfano ulio bora ni dalia. Mbegu zake zilifika katika bustani ya kifalme ya Madrid mwaka 1789, na mwaka 1791 Padri Cavanilles akaupa mmea jina kwa heshima ya Msweden Anders Dahl. Mtunza bustani hangoi baridi aanze kukimbizana nayo. Huiacha jalidi ya kwanza iyachome majani yawe meusi. Mtu mwenye huruma angetaka kung'oa mapema, lakini siku zinapopungua ndipo viazi vya dalia hunenepa, na kila juma ni faida. Majani yakishakufa, shina hukatwa libaki kama sentimita 15, na fundo zima la viazi huchimbwa kwa uma wa bustani, kwa mbali kidogo na shina. Hapo lazima uangalifu. Kiazi mviringo cha Njombe kina macho kila upande, hata ukikikata vipande vitaota. Kiazi cha dalia hakina. Macho yake yako shingoni tu, pale kiazi kinapoungana na shina. Shingo ikivunjika, kiazi kitabaki kinene na kizuri lakini hakitaota kamwe.

Baada ya kuchimbwa, mafundo hukung'utwa udongo na kugeuzwa kichwa chini, mashina yakitazama ardhini, kwa muda wa juma mbili au tatu. Shina la dalia lina uwazi ndani kama mwanzi. Maji yakibaki humo yataozesha shingo. Kisha mafundo hupangwa katika masanduku, hufunikwa kwa mchanga mkavu, unga wa mbao au magazeti makuukuu, na huwekwa katika chumba cha chini ya nyumba au ghala lenye digrii 5 hadi 10 za Sentigredi. Joto likipungua chini ya sifuri, kiazi kitaganda, maana si kikavu kama haragwe langu. Likizidi sana, kitaamka kabla ya wakati. Kila sanduku hupewa kibandiko chenye jina, kwa sababu viazi vya dalia nyeupe na vya dalia nyekundu havitofautiani. Mara moja kwa mwezi mwenye mali hupita na taa: kilichooza hutupwa kabla hakijawaambukiza wenzake, na kilichosinyaa mno hunyunyiziwa maji kidogo tu.

Neno hilo "kidogo tu" ndilo linalowashinda watu. Mimea mingi inayohifadhiwa Ulaya wakati wa baridi haifi kwa baridi. Hufa kwa wema. Mwenye mmea huuona umenyong'onyea, akaupeleka karibu na jiko na kuumwagilia kila siku. Mizizi iliyolala hainywi maji, kwa hiyo udongo hubaki na unyevu na mizizi huoza. Au joto lile huamsha machipukizi ilhali mwanga hautoshi, nayo hurefuka, yakawa meupe na dhaifu, mfano wa ule mche wa maharage tuliouficha kabatini Kidato cha Pili. Yametumia akiba yote ya chakula kutafuta jua ambalo halipo. Mmea uliolala lazima uachwe ulale, hata kama sura yake inamtia mtu majonzi.

Pelagoniamu huishi kwa kanuni hiyo hiyo, ingawa haina kiazi. Shina lake nene lililozoea ukame wa Afrika Kusini ndiyo ghala yake. Hukatwa nusu, huwekwa karibu na dirisha katika chumba cha baridi, na hupewa maji kwa nadra. Zamani watu wasio na nafasi waliing'oa kabisa, wakakung'uta udongo, wakaitundika kichwa chini darini au katika chumba cha chini ya nyumba kama mahindi ya mbegu, na mwezi wa Machi waliipanda tena. Nyingi ziliota. Wengine huona mmea mzee haufai taabu hiyo; mwishoni mwa Agosti hukata vipandikizi vya kama sentimita 10, chini kidogo ya kifundo, huacha jeraha likauke kwa saa chache, kisha huvitia katika vyungu vidogo. Dirisha lisilotosha mimea mitatu mikubwa hutosha vipandikizi thelathini.

Hata mgomba unapandwa Uingereza, jambo litakalowashangaza watu wa Bukoba na Kilimanjaro. Ni mgomba wa mapambo kutoka China, usio na ndizi za kuliwa. Majani yakishachomwa na jalidi hukatwa, na shina huvishwa majani makavu ya ngano pande zote kama mtu aliyevaa koti, na juu huwekwa kifuniko ili mvua isiingie moyoni.

Sasa nije kwa wale wasiojua kulala. Katika milima ya Usambara Mashariki kuna ukungu na unyevu karibu mwaka mzima. Mmea uliozaliwa penye kivuli cha msitu, juu ya mwamba wenye maji, haukupata sababu ya kujifunza kiangazi. Ndivyo ilivyo sentipolia. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaieleza kitaalamu na kuipa jina la ukoo huo. Ukiinyima maji ili ilale, itakufa. Ukiiweka penye digrii chini ya 10, itadhurika ingawa hakuna barafu. Hutaka joto la digrii 18 au zaidi, mwanga bila jua kali, na chungu kilichowekwa juu ya kokoto zenye maji, kwa sababu vyombo vya kupashia nyumba joto hukausha hewa. Hata maji ya baridi yakidondokea jani lake huacha alama zisizotoka. Usiku wenye nyumba huisogeza mbali na kioo. Kwa ufupi, hupewa chumba kama mtu wa nyumbani. Huko kwao, ambako haihitaji hata mtu mmoja kuitunza, baadhi ya aina zake ziko hatarini kwa sababu misitu imekatwa.

Ndugu yake katika shida ni ile impatiensi niliyoigandisha. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alipeleka mbegu zake Kew, na mwaka 1882 iliandikwa kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo wataalamu wanaiita kwa jina jingine. Shina lake karibu lote ni maji, na jalidi ya kwanza huimaliza.

Kwa mimea ya namna hii matajiri wa zamani walijenga majumba. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alijengewa pale Versailles, kati ya mwaka 1684 na 1686, nyumba ya michungwa yenye urefu unaozidi mita 150, kuta nene na madirisha yanayotazama kusini liliko jua la kipupwe. Miti imepandwa katika masanduku; Mei hutolewa nje, Oktoba hurudishwa ndani. Nyumba hiyo ingali ikitumika hivyo mpaka leo. Lakini mchungwa huvumilia ubaridi kiasi. Mimea ya misitu ya mvua ilihitaji vioo juu na moto chini. Huko Chatsworth, Uingereza, Joseph Paxton alijenga kati ya 1836 na 1840 nyumba ya vioo yenye urefu wa kama mita 84, pana hata Malkia Victoria alipitishwa ndani kwa gari la farasi mwaka 1843. Moto wa makaa ya mawe uliwaka chini yake usiku na mchana. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, makaa yakawa haba. Moto ulizimwa, na mimea iliyokusanywa kwa muda wa karibu miaka 80 ikafa. Mwaka 1920 jengo lenyewe lilibomolewa kwa baruti.

Siku hizi hesabu ya makaa, au ya gesi, imeleta njia nyingine, nayo inatuhusu sana. Wakulima wakubwa wa maua Ulaya wameona ni ghali kutunza mimea mama chini ya vioo kipupwe chote. Kwa hiyo mimea mama ya pelagoniamu na maua mengine mengi hukaa Kenya, Uganda na Ethiopia, katika nyanda za juu ambako jua halipungui mwaka mzima. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, hukata vipandikizi kwa mikono, huvihesabu, huvitia katika mifuko na masanduku, navyo husafirishwa kwa ndege vikiwa bado havina mizizi. Januari na Februari, wakati nje kuna theluji, vipandikizi hivyo huota mizizi katika nyumba za vioo za Ujerumani na Uholanzi. Mei huuzwa sokoni vikiwa na maua. Mnunuzi hana haja ya kuvihifadhi. Oktoba huviacha vife, na mwakani hununua vingine. Binafsi naona ajabu kwamba ua la Afrika limerudishwa Afrika ili livuke baridi, lakini kwa mahesabu ni busara, na ajira ile ni ya wenzetu.

Hata hivyo wapo wengi wasiopenda kununua upya, hasa wenye dalia za urithi ambazo hazipatikani dukani. Kwao kazi ya mwisho ni kuzitoa nje, na hii nayo ina utaratibu. Machi au Aprili viazi huwekwa katika udongo wenye unyevu, penye mwanga, na macho ya shingoni huanza kuvimba. Mche ukitolewa ghafula utaungua kwa jua na upepo, kwa hiyo kwa muda wa juma moja au mbili hutolewa mchana na kurudishwa jioni, siku kwa siku, mpaka uzoee. Ujerumani na nchi za jirani zake wakulima wa jadi huhesabu siku za Watakatifu wa Barafu, kuanzia tarehe 11 Mei hadi tarehe 15, siku ya Mtakatifu Sofia, wakiamini kwamba jalidi ya mwisho yaweza kuja mpaka hapo. Joto lijaribu kuwashawishi mapema namna gani, hawapandi. Tarehe 16 masanduku hutolewa, vibandiko husomwa, na dalia nyeupe huenda mahali pake na nyekundu mahali pake.